Ustadi Uliomo Ndani ya Nta

Mwanamke wa Tarasaa au Minjila, kaunti ya Tana River, akikutwa na saratani ya titi ikiwa bado changa, baada ya upasuaji huja swali zito: apewe kemo (dawa kali za kuua seli za saratani) au asipewe? Kemo huleta kichefuchefu, kunyonyoka nywele na kinga ya mwili kushuka. Kutoka Garsen hadi hospitali za Mombasa zinazotoa tiba hiyo ni zaidi ya kilomita 200, na dawa nyingi hurudiwa kila baada ya wiki 2 au 3. Mto Tana ukifurika, barabara hukatika. Kumwepusha mtu na dawa asiyoihitaji ni tiba pia.

Jibu la swali hilo hupitia mikononi mwa fundi ambaye mgonjwa hamwoni kamwe: mtaalamu wa histolojia katika maabara. Kazi yake naistahi sana.

Nyama ikitoka mwilini huanza kuharibika, na joto huharakisha uharibifu. Inapasa itiwe katika fomalini kabla saa 1 haijapita. Titi lina mafuta mengi, na fomalini huingia polepole. Hivyo hupasuliwa vipande vyembamba, kisha vikaachwa humo kwa saa zisizopungua 6 wala kuzidi 72. Kazi hii ikiharibika, vipokezi vya homoni vyaweza kuonekana havipo ilhali vipo, na mgonjwa akanyimwa tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni, ambayo ingemfaa.

Kisha maji hutolewa kwa alkoholi, dhaifu kwanza, kali baadaye, maana haraka hukunja nyama. Hufuata zailini, halafu nta iliyoyeyushwa kwa nyuzi 60 hivi. Nta ikiganda, fundi huikata kwa wembe, kila kipande unene wa maikroni 4, yaani sehemu nne tu kati ya sehemu elfu za milimita. Vipande hutoka vimeshikana utepe mmoja, kama ukili mikononi mwa msusi wa mikeka. Huulaza juu ya maji ya uvuguvugu ukunjuke, akaunyanyua kwa kioo bila kuuchana.

Nta hiyohiyo ndiyo inayotumika katika kipimo cha jeni kiitwacho Oncotype DX. Husomwa jeni 21: 16 za saratani na 5 za kulinganishia, kisha hutolewa alama kati ya 0 na 100. Mwaka 2018, utafiti wa TAILORx uliosajili wanawake zaidi ya 10,000 ulitoa jibu kwa wenye saratani inayoitikia homoni, isiyo na protini ya HER2 kupita kiasi na ambayo haijafika kwenye tezi za kwapani. Waliopata alama 11 hadi 25, kwa jumla, walinufaika na tiba ya homoni pekee sawa na walioongezewa kemo. Wenye miaka 50 au chini, wa alama 16 hadi 25, kemo iliwaongezea faida kiasi.

Kipimo hicho ni cha maelfu ya dola, na wengi wa Tana River hawakimudu. Hata hivyo, kipande cha nta kilichoandaliwa vyema huonyesha vipokezi vya estrojeni, HER2, na kasi ya seli kugawanyika. Daktari akaamua akiwa na ushahidi mkononi.

Basi kila chumba cha upasuaji, Hola na Ngao pia, kiwe na fomalini ya kutosha, chupa pana, na saa ya kunakili wakati nyama ilipotoka mwilini. Hapo ndipo haki ya mgonjwa huanzia.