Mjumbe Hauawi? Usawiri wa Makatibu katika Riwaya za Harry Potter

Msomaji wa Kiswahili akutanapo na neno 'mchawi' hutarajia tunguri, hirizi na kiza cha usiku. Katika riwaya saba za J.K. Rowling, zilizochapishwa kati ya 1997 na 2007, anakutana pia na wizara nzima: idara, majalada, kumbukumbu za mikutano na makatibu. Mjadala kuhusu riwaya hizi aghalabu huelemea pambano la Harry na Voldemort. Makala haya yanakusudia kuwachunguza wahusika hao wa ofisini kwa kuuliza swali moja: je, kauli ya wahenga kwamba mjumbe hauawi yamkinga katibu aliyeiandika amri ya dhuluma?

Mfano bayana ni Percy Weasley. Katika riwaya ya nne (2000) anaajiriwa chini ya Bartemius Crouch, mkuu wa idara ya ushirikiano wa kimataifa. Kazi yake ya kwanza ni kuandika ripoti kuhusu unene wa vitako vya masufuria ya kichawi. Anamhusudu bwana wake, ilhali bwana huyo hata jina lake halijui sawasawa, humwita Weatherby. Kisha Crouch anatoweka ofisini. Maagizo yanaendelea kuletwa na bundi, na Percy anayatekeleza bila shaka yoyote, asijue kwamba mwandishi wake ni mateka wa Voldemort. La muhimu kutambua ni kwamba dola hapa haihitaji mtu. Yahitaji karatasi tu. Maadamu barua zinafika, uovu unaweza kukalia kiti cha mkuu na shughuli zisisimame hata siku moja.

Katika riwaya ya tano (2003), Percy, ambaye sasa ni msaidizi wa Waziri, anaketi kama mwandishi wa baraza linalomhoji Harry. Huyu ni kijana aliyewahi kula na kulala kwao, lakini Percy hainui macho kwenye karatasi yake. Bendera hufuata upepo. Dolores Umbridge, Katibu Mwandamizi wa Waziri, anapiga hatua zaidi. Akiwa shuleni Hogwarts anamwadhibu Harry kwa kumpa kalamu isiyo na wino. Kila neno analoliandika lachanjwa mkononi mwake na kuandikwa kwa damu yake. Twaiona kalamu hiyo kuwa ishara kuu ya dhamira tunayoijadili. Maandishi ya ofisi, ambayo katibu huyaona makavu, hatimaye huishia kwenye mwili wa mtu.

Riwaya ya saba (2007) inaugeuza upofu huo wa mamlaka kuwa silaha ya wanyonge. Hermione anakunywa dawa ya kubadili umbo, anakuwa Mafalda Hopkirk, mtumishi wa Wizara, na kuketi kando ya Umbridge kama mwandishi wa kesi za wachawi waliozaliwa na wazazi wasio wachawi. Umbridge anazungumza naye kwa furaha na hagundui lolote. Yule aliyemwita Percy Weatherby na huyu asiyemtambua Mafalda wana kasoro moja: wote wawili wanakiona kiti, hawamwoni aliyekikalia.

Hata hivyo, mwandishi hakulijibu kikamilifu swali alilolizua. Nje ya ofisi ya Umbridge, wafanyakazi kadhaa wanaketi safu kwa safu wakiunda vijitabu vya chuki. Ni mafundi wa dhuluma na pia ni wafungwa wake, kwani jicho la kichawi lililopachikwa mlangoni lawatazama. Kwa mintarafu ya maudhui, hawa ndio kiini cha suala letu, lakini riwaya yapita kando yao na kuwaacha bila majina. Percy naye anarejea kwa familia yake usiku wa vita vya mwisho, anaomba radhi, na kumtangazia Waziri kujiuzulu kwake huku wakipigana. Toba yake ni ya mwana kwa wazazi na ndugu. Si ya katibu kwa wale waliodhurika kwa kazi yake. Katika sura ya kuhitimisha, miaka 19 baadaye, sauti yake yasikika kituoni ikihubiri kanuni za ufagio wa kurukia. Amerudi kwenye masufuria yake.

Huenda msomaji akacheka, na ni haki yake. Sisi twaona kwamba kicheko hicho kimefunika deni. Mjumbe hauawi kwa sababu hubeba neno la mwingine. Katibu hulipa neno hilo umbo, tarehe na muhuri, na pasipo mkono wake lingebaki kuwa pumzi tu. Riwaya hizi zimelionyesha jambo hilo kwa ustadi mkubwa, kisha zikamsamehe Percy kabla hajasomewa alichokiandika.