Komeo Lisilofunguka: Kuisoma Bunduki ya Sanamu la Askari

Aliyekulia kando ya barabara ya taifa namba 4, kati ya Oicha na Luna, mashariki mwa Kongo, hujifunza kuisoma bunduki kabla ya kuusoma uso wa aliyeibeba. Hapo kati, Eringeti, wamepita wanajeshi wa serikali, wamekaa walinda amani wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, na tangu mwisho wa 2021 wakaja wanajeshi wa Uganda. Wamepita pia wale walioishambulia Novemba 2015. Jicho la huko huuliza upesi: mdomo wa mtutu unaelekea wapi? Kidole kiko wapi? Silaha imefungwa au i tayari? Kwenye AK jibu la swali la tatu hutafutwa ubavuni kulia, kwenye kile chuma kirefu ambacho kikiwa juu, kifyatulio hakifanyi kazi. Hata mama anayerudi shamba na kuni kichwani hukitupia macho.

Naamini jicho hilo lina haki ya kuhukumu sanaa, kwa hiyo nalipeleka Dar es Salaam, kwenye makutano ya Barabara ya Samora na Mtaa wa Maktaba. Hapo linasimama Sanamu la Askari, ambalo wazee wa mji huliita Bismini. Lilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika walioitumikia Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mchongaji ni James Alexander Stevenson, aliyetia sahihi kazi zake kwa jina Myrander, na shaba ilimiminwa London. Askari ameinama mbele, uzito wote umehamia mguu wa mbele, na mikono miwili imekamata bunduki yenye singe iliyonyooka kuelekea bandarini.

Kama mwili, ni kazi bora. Mstari unaanzia kisigino cha nyuma, unapanda mgongoni, unashuka begani na kutoka kwenye ncha ya singe bila kukatika. Shaba nzito inaonekana kama inakimbia. Tatizo langu liko pale mstari huo unapoipitia bunduki: unaipita kana kwamba ni fimbo.

Tuitazame silaha yenyewe. Bunduki kuu ya jeshi la Uingereza wakati ule ilikuwa Lee-Enfield, bunduki ya komeo. Komeo lake linafanya kazi kama komeo la mlango: ukilisukuma na kulilaza, nyuma ya mtutu pamefungwa, ukiliinua na kulivuta, pamefunguka. Mpigaji ana mapigo manne: inua, vuta, sukuma, laza. Kuvuta kunatoa ganda lililotumika. Kusukuma kunaokota risasi mpya kutoka kwenye kasha linalobeba kumi, kunaiingiza chemba na kukaza springi ya sindano. Mapigo hayo yana mizani kama ya ubeti, na askari aliyefunzwa vizuri aliyatimiza bila kuishusha bunduki begani.

Kwa anayetazama, uzuri wa umbo hili ni kwamba hali yake husomeka kwa nje. Komeo likiwa limevutwa nyuma, bunduki haiwezi kulia, na aliye ng'ambo ya barabara anaona. Lakini usomaji huo una mtego. Komeo wazi juu ya kasha lenye risasi si usalama, maana msukumo mmoja tu unaingiza risasi ndani. Ndiyo maana utaratibu una mpangilio usiobadilishwa: mtutu uelekee pasipo na mtu, kidole kikae nje ya kifyatulio, kasha litolewe kwanza, komeo livutwe, chemba itazamwe kwa jicho na ipapaswe kwa kidole, kwa kuwa gizani jicho hudanganywa. Anayevuta komeo kabla ya kutoa kasha, kisha akalirudisha, amejaza bunduki huku akiamini ameiondolea risasi. Na risasi ikikataa kulipuka, mtu hutulia kwanza, mtutu ukiwa palepale penye usalama, kwa sababu baruti iliyoharibika yaweza kuchelewa na kulipuka komeo likiwa tayari linafunguliwa usoni.

Yote haya ni maarifa, na sanamu la 1927 halina hata chembe yake. Myrander amechagua tendo moja ambalo ndani yake bunduki haihitaji komeo, wala risasi, wala kulengwa: shambulio la singe. Kati ya kazi zote za askari, ameteua ile inayoirudisha bunduki kuwa mkuki. Najua atatetewa kwamba vita vile vilipiganwa vichakani, na kwamba katika mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, watu waliuana kwa karibu sana. Ni kweli. Ila mchongaji hupewa dakika moja tu ya maisha ya mtu anayemkumbuka, na uteuzi wa dakika hiyo ni hukumu. Hapa Mwafrika amekumbukwa kwa ushujaa wa miguu na kifua. Ustadi wa vidole vyake umeachwa nje.

Mimi ningechonga dakika nyingine. Askari amekaa, komeo limetolewa na kulazwa juu ya kitambaa, bunduki iko magotini. Ndani ya kitako cha Lee-Enfield mna tundu lenye mfuniko, na ndani yake huwekwa chupa ndogo ya mafuta na kamba yenye uzito wa shaba ya njano mwishoni. Uzito huo huangushwa kutokea upande wa chemba, kitambaa kikafungwa nyuma, kisha kamba ikavutwa itokee mdomoni. Fataki za risasi za enzi zile ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi haiondolewi na mafuta: kwanza maji yaliyochemka, halafu kukausha, halafu mafuta. Asiyefanya hivyo jioni hiyohiyo alianza kuupoteza mtutu wake. Na kila komeo lilipigwa namba ya bunduki yake, kwa sababu komeo la jirani laweza kuingia vizuri na lisifunge sawasawa, na ganda likapasuka karibu na jicho. Umbo la mtu anayelinganisha namba kwenye mwanga hafifu lingetuambia juu ya jeshi lile jambo ambalo ncha ya singe haiwezi.

Upande wetu wa Kongo ungelihitaji umbo hilo zaidi. Force Publique, jeshi la koloni la Ubelgiji lililoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, miongoni mwa bunduki zake lilikuwa na Mauser ya Kibelgiji ya 1889, yenye komeo na risasi tano. Mtutu wake ulivalishwa bomba la pili jembamba la chuma. Maji yakipenya kati ya mabomba hayo, kutu ilikula pasipoonekana. Kwa mvua za msitu wa Ituri, kila aliyeitunza bunduki ile alipigana na adui aliyefichwa ndani ya silaha yenyewe.

Naliona pia kosa la mahali. Singe ya Dar es Salaam iko kwenye njia kuu ya watu, na aliyetoka bandarini anaijia kwa mbele. Sanaa inamtaka asimame hapo astaajabu. Mtu wa Eringeti husogea kando, kwa kuwa mwili wake unajua kuwa hakuna bunduki ya kuaminiwa hadi mtu aitazame chemba, na chemba hii imemiminwa pamoja na komeo lake.

Nairobi, kwenye Barabara ya Kenyatta, kuna jibu la mchongaji huyohuyo, la mwaka 1928. Pale watu ni watatu na hawashambulii: wamesimama, na mmoja wao ni mpagazi. Kwa makadirio yanayotajwa sana, wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa upande wa Waingereza, wengi kwa maradhi na njaa. Kazi hiyo haina mstari wa kusisimua kama ule wa Dar es Salaam, na wapo wanaoiona imepoa. Mimi naipendelea. Utulivu wake unatupa nafasi ya kumtazama kila mtu kuanzia usoni hadi mikononi, na mikono ya mpagazi haikushika silaha yoyote.