Fundi wa Maji

Ladha ya chaza ni ya maji kabla ya kuwa yake. Kila saa huchuja lita kadhaa, na anachokinasa ndicho kinachomjenga. Maji yakizidi chumvi, mwili wake hujilimbikizia asidi za amino ili usinyauke, na hizo ndizo zinazompa ule utamu mzito unaobaki ulimini. Mto ukizimua chumvi, huhitaji chache, na ladha hupoa. Ndiyo maana chaza wa mbegu moja, wakikulia hori mbili tofauti, hawafanani mdomoni.

Hiyo ni kazi ya bahari. Kazi ya mikono naihusudu zaidi Marennes-Oléron, magharibi mwa Ufaransa, Mto Seudre unapoingia Atlantiki. Chaza aliyekwisha kukua baharini hupelekwa kwenye majaruba ya udongo wa mfinyanzi, mengi yakiwa mashamba ya chumvi ya zamani. Mkulima huyakausha majaruba yake mpaka udongo upasuke, kisha hungoja bamvua. Maji mafu hayafiki huko. Katika maji hayo yaliyotulia huota kijimea kisichoonekana kwa macho, Haslea ostrearia, chenye rangi ya buluu. Chaza akikila, matamvua yake hugeuka kijani. Asiyejua atadhani ameharibika, kumbe huyo ndiye anayesakwa.

Daraja linalonivutia kuliko yote huitwa pousse en claire: chaza wasiozidi 5 kwa mita ya mraba, kwa miezi 4 au zaidi. Mwenye tamaa angewarundika. Mkulima huyu huacha nafasi tupu, kwa kuwa hawalishi chaza wake chochote; chakula chao chote kimo katika maji yale.

Kabla ya safari ya sokoni huwafunza kufumba. Huwatoa majini, huwarudisha, huwatoa tena, hadi gamba lizoee kubana maji yake kwa muda mrefu. Kisha huwagonganisha wawili wawili mkononi: mwenye mlio mzito ni mzima; mwenye mlio wa kitu kitupu huwekwa kando.

Chaza wa miamba wa kwetu, wanaong'ang'ania mizizi ya mikoko Gazi na Mtwapa, pwani ya Kenya, nao huishi kwa maji ya hori, makali kiangazi, yaliyozimuliwa masika. Nao wanastahili kuonjwa kwa makini namna hiyohiyo: maji ya gambani kwanza, kisha nyama, itafunwe wala isimezwe kwa pupa. Ndimu ingoje chaza wa pili.