Herufi za Bodoni, Unene kwa Wembamba

Herufi M kubwa ya Bodoni, ikichapwa kwa ukubwa wa kiganja, inastahili kutazamwa kwa utulivu. Mguu wa kushoto ni mwembamba kama unywele. Mshazari unaoufuata ni mnene, mweusi tii. Mshazari wa pili unarudia wembamba. Kisha mguu wa kulia unasimama kwa unene. Chini, vile vijistari vinavyomalizia miguu, yaani serifu, vimelala bapa, vyembamba mno. Hapa hakuna pa kufichia kosa.

Mwenye herufi hizi, Giambattista Bodoni, alizaliwa mwaka 1740 mjini Saluzzo, kaskazini mwa Italia, mtoto wa mchapaji. Alifanya kazi Roma katika kiwanda cha chapa cha Propaganda Fide, kilichotengeneza vitabu vya wamisionari kwa hati za mataifa mengi. Mwaka 1768 akaitwa Parma kusimamia kiwanda cha chapa cha mtawala wa huko, akabaki mpaka alipofariki mwaka 1813.

Kila herufi ilianzia kwenye ncha ya kijiti cha chuma cha pua. Fundi aliichonga kwa tupa na patasi ndogo, ikiwa imegeuka kama inavyoonekana kwenye kioo. Kila mara aliipitisha kwenye mwali wa mshumaa ipate masizi, akaigandamiza kwenye karatasi, akaikagua alama yake, akarudi kupunguza palipozidi. Chuma kikishaondolewa hakirudishwi, kwa hiyo mstari mwembamba ulifikiwa taratibu, kwa pumzi iliyobanwa. Ncha iliyokamilika ilikomazwa kwa moto, ikagongwa kwenye kipande cha shaba, na alama iliyodidimia ikawa kalibu ya kumwagia risasi iliyoyeyushwa. Ukitaka herufi hiyohiyo kwa ukubwa mwingine, unaanza upya.

Karatasi nayo ilibidi iwe laini na wino uwe mweusi kwelikweli. John Baskerville wa Birmingham alikuwa ametangulia kuonyesha njia hiyo. Lakini ninachokienzi zaidi kwa Bodoni ni weupe. Pambizo zake ni pana, mistari imeachana, na jina la kitabu linapewa ukurasa karibu mzima. Manuale Tipografico, juzuu mbili alizozichapisha mjane wake Margherita mwaka 1818, zinaonyesha herufi kwa ukubwa baada ya ukubwa, na macho hayachoki.

Herufi za Didot za Paris, ndugu wa karibu wa hizi, ndizo zinazobeba jina la jarida la Vogue. Hapo ndipo familia hii inapong'aa: jalada, bango, kichwa cha makala, kadi ya harusi yenye maneno machache. Ukiibana kwenye maelezo ya dawa au kwenye aya ndogo za simu, mistari myembamba inafifia na msomaji anabaki na vijiti vyeusi vilivyojipanga. Kosa si la herufi. Ni la aliyetumia umbo la ukubwa mmoja kila mahali.

Waliounda ITC Bodoni, toleo la herufi hizi lililotoka mwaka 1994, walilielewa hilo. Walikwenda Parma kuvitazama vijiti vyenyewe vya chuma, kisha wakachora maumbo matatu tofauti, kwa pointi 6, 12 na 72. Katika la 6 mistari myembamba imenenepeshwa na serifu zimetiwa nguvu. Katika la 72 unywele umeachwa uwe unywele.