Neno Moja katika Simfoni ya Tisa

Simfoni ya Tisa ya Ludwig van Beethoven, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 7 Mei 1824, ni miongoni mwa kazi zilizodhuriwa na umaarufu wake. Msikilizaji huimaliza akilini kabla wanamuziki hawajaianza. Rekodi iliyonaswa mbele ya hadhira katika ukumbi wa Schauspielhaus, Berlin ya Mashariki, tarehe 25 Desemba 1989, yavunja mazoea hayo.

Ukuta wa Berlin ulikuwa umefunguliwa tarehe 9 Novemba. Leonard Bernstein aliwaongoza wanamuziki kutoka Ujerumani zote mbili, Marekani, Uingereza, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti. Katika sehemu ya nne, ambamo huimbwa shairi la Schiller la 1785, neno Freude, yaani furaha, liliondolewa, na mahali pake pakawekwa Freiheit, yaani uhuru. Ipo dhana ya zamani kwamba Schiller alikusudia uhuru tangu awali, lakini dhana hiyo haina ushahidi wa maandishi.

Mabadiliko hayo si ya maana tu. Maneno yote mawili yana silabi mbili, na mkazo huangukia ya kwanza. Kwa hiyo mizani haipungui wala haizidi. Lakini silabi ya mwisho ya Freude ni nyepesi, nayo huishia kwa irabu hafifu. Ile ya Freiheit ni nzito, nayo hufungwa kwa konsonanti. Mwimbaji wa sauti ya besi anapolitoa neno hilo peke yake, na kwaya ikamwitikia, mwito uliozoeleka kuachwa wazi hufungwa ghafla. Sikio lililolala huamka.

Hata hivyo, kuna kilichopotea. Furaha ya Schiller huvienea viumbe vyote, hata mdudu. Uhuru wa Bernstein una tarehe. Kinachodumu zaidi katika rekodi hii ni sehemu ya tatu, iliyoendeshwa polepole mno, kwa takriban dakika 20, bila neno lolote. Subira hiyo ndiyo imfanyayo msikilizaji alihitaji neno, liwe lipi.

Mtafiti wa tenzi za Kiswahili, aliyezoea kulinganisha miswada inayotofautiana, hatashangaa. Neno geni si lazima liwe kosa la mnakili. Huenda likawa ushahidi wa siku lilipotamkwa. Freiheit lilistahili siku ile. Halistahili kuingizwa katika matini ya kudumu.