Mzee Punch na Kanga za Ngamiani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuwa na mwandishi ambaye wanafunzi wote walimsoma na hakuna aliyekiri kumfahamu. Aliitwa Mzee Punch. Hakuwa na ofisi wala mhariri. Kazi zake zilibandikwa ukutani usiku, na asubuhi watu wakakuta mchoro, maneno ya kejeli, na mtu ambaye kila mpita njia alijua ni nani. Katika vitabu vya historia ya fasihi yetu hutamkuta. Wanaomtaja ni wanaharakati na watafiti wa jinsia, nao humtaja kama kosa, jambo ambalo ni sahihi. Lakini alikuwa pia utanzu wa maandishi, wenye kanuni zake na wasomaji wengi kuliko riwaya nyingi zilizofundishwa madarasani pale Mlimani, na hakuna mhakiki aliyejishughulisha kuuliza ulifanyaje kazi. Nataka kuuliza, na nitauliza kwa jicho la mtu wa Tanga, maana sina jingine.

Kwetu Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, watu husemana sana. Nisingependa msomaji adhani ninaleta ustaarabu wa pwani kuja kuwafunza adabu wasomi wa bara; mji wetu una ndimi kali, na wengine wamehama mtaa kwa ajili ya ndimi hizo. Bibi yangu alizozana na jirani kwa muda wa miezi minane bila kurushiana neno hata moja. Jirani alianika kanga upande unaotazama ua wetu, maandishi yakiwa yamenyooshwa vizuri kama bango. Bibi aliyasoma, akaendelea kuchambua mchele. Wiki ya pili alirudi sokoni na doti mpya, akaifua ingali mpya, akaianika. Iliendelea hivyo. Nadhani mwenye duka ndiye pekee aliyefaidika, maana bibi hakuwa mtu wa kununua nguo ovyo. Mwezi wa nane ulitokea msiba kwa jirani. Bibi akajifunga kanga isiyo na neno la kumgusa mtu, akaenda kukaa matangani siku zote tatu. Mpaka leo hakuna anayeweza kusema waligombana, kwa sababu hakuna lililosemwa.

Taarabu ya Tanga imejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo. Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoupa mji huu jina miaka ya 1960 na 1970, vilipeleka gitaa la umeme na midundo ya dansi kwenye taarabu ya pwani nzima, na sauti ya Shakila ikavuka mipaka. Kelly Askew, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti wake hapa Tanga na kuchapisha kitabu mwaka 2002, aliona kitu ambacho sisi tulikuwa tumekizoea mno hata hatukioni: kwamba maana ya wimbo wa taarabu haimalizwi na mtunzi. Humaliziwa na mwanamke anayeinuka kutunza. Anasubiri ubeti anaoutaka, anatoka na noti mkononi, anazunguka taratibu, na mahali anapopita au anapoelekeza mkono ndipo wimbo unapotua. Aliyelengwa anajua. Naye ana haki ya kuinuka ubeti unaofuata na noti yake mwenyewe.

Tazama basi umbo la tendo lenyewe. Anayesema yuko wazi, amevaa vizuri, taa zote zinammulika, na noti ni yake. Anayesemwa ndiye aliyefichwa, kwa maana jina lake halitajwi. Akitaka kujifanya hakusikia, anaweza, na heshima yake itabaki nyumbani kwake. Tunasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulin'gamua, na kwa kawaida tunaitumia methali hii kumsifu mwerevu. Mimi naona imemwacha pia mlango aliyefumbiwa: ukichagua ujinga kwa usiku mmoja, hakuna wa kukulazimisha ung'amue.

Mzee Punch aliligeuza umbo hilo juu chini. Aliyesemwa alitolewa hadharani kwa sura, na anayesema akafichwa. Hapakuwa na fumbo. Wala fumbo lingefaa nini, ikiwa mwandishi hakuwa na uso wa kuogopea? Na hapakuwa na ubeti unaofuata, kwa sababu huwezi kumjibu mtu ambaye hayupo. Kila mwanafunzi wa kiume aliyekaa kafeteria angeweza kuwa ndiye. Zaidi ya hapo, aliyebandikwa alitarajiwa kutengwa, na rafiki aliyeendelea kukaa naye alijua kwamba zamu yake inaweza kufika. Hapo karatasi inaacha kuwa dhihaka na inakuwa amri.

Watetezi wake wamekuwa wakisema kwamba Punch alilinda maadili ya kampasi, kwamba aliwakumbusha wenye majivuno walikotoka. Kejeli ya namna hiyo ipo, na ni nzuri ikipanda juu. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, mwendo mfupi kutoka Tanga mjini, alitoa Kusadikika mwaka 1951, chini ya wakoloni, akaisogeza nchi yake angani ili aweze kuwasema waliokuwa ardhini. Alificha shabaha akaacha jina lake kwenye jalada. Lakini ngazi ya Punch ilielekea zaidi chini. Waliobandikwa walikuwa hasa wanafunzi wa kike, katika chuo ambacho wasichana walikuwa wachache na wavulana wengi, na kosa la mara kwa mara lilikuwa kumkataa mtu. Maadili yaliyokuwa yakilindwa ni yepi?

Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike wa Mlimani alijiua baada ya kusumbuliwa kijinsia na kuandamwa na kundi la Punch. Jina lake limeandikwa kwingine. Katika makala inayohusu karatasi zilizotaja majina sitalibandika tena. Wanawake wanaharakati, waandishi wa habari wakiwemo, walilipigia kelele jambo hilo, na Punch akapigwa marufuku. Kwa wengi mwaka huo wa Mlimani unakumbukwa kwa jambo jingine: mwezi Mei serikali ilikifunga chuo kwa sababu ya mgogoro wake na wanafunzi. Ukiwauliza watu wa rika hilo kuhusu 1990, wengi wataanza na Mei.

Sasa niweke jarida jingine la wanafunzi wa Mlimani kando yake. Cheche lilianza mwaka 1969, likiandikwa na vijana wa USARF kwa Kiingereza licha ya jina lake. Waandishi wake walitia majina yao. Waliwajadili walioshika uchumi na waliokalia ujamaa kama kiti. Insha ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya ilitoka humo mwaka 1970. Novemba mwaka huo huo jarida likapigwa marufuku pamoja na chama chenyewe. Kwa hiyo karatasi yenye majina ya waandishi, iliyosema wakubwa, ilidumu mwaka mmoja. Ile isiyo na jina, iliyosema wasichana, iliendelea mpaka ikagharimu uhai. Siwezi kusema mtu fulani aliketi akapanga iwe hivyo. Nasema tu kwamba mamlaka ya chuo na ya nchi yalijua kusoma, na yalichagua kipi kiwashtue.

Fasihi yenye majalada nayo haikusaidia. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayekumbukwa zaidi katika riwaya ya Kiswahili ni Kazimoto wa Kichwamaji, ya mwaka 1974. Kezilahabi alisoma Mlimani na akaja kufundisha huko, kwa hiyo hakukosa kuyajua mabweni. Hata hivyo tunamfahamu Kazimoto zaidi akiwa likizoni, akirudi kwao na maswali yake kuhusu maana ya kuishi. Chuo kiko nyuma yake kama kelele za mbali. Sehemu kubwa ya riwaya hiyo ni nzuri mno na sina ugomvi nayo. Ila ukitaka kujua msichana alipitaje koridoni kwenda kuchota maji asubuhi ambayo karatasi mpya imebandikwa, Kezilahabi hatakuambia. Kwa muda mrefu maisha ya bwenini yaliachwa mikononi mwa Punch ayaandike peke yake.

Mji wetu hauna chuo kikuu kikubwa cha serikali, kwa hiyo watoto wa Tanga hupandia mabasi Kange, wanakata Segera, na wengine hawarudi isipokuwa Idi. Nami nilipita njia hiyo, na doti ya kanga ya bibi chini ya sanduku. Chuo nilichosoma sitakitaja. Ukuta tuliokuwa nao ni kundi la WhatsApp la mwaka wetu, ambamo namba isiyojulikana ya nani iliwahi kuingiza picha za wasichana waliopangwa kwa madaraja, mmoja baada ya mwingine, wiki ambayo bumu lilikuwa limechelewa na kila mtu alikuwa na njaa na hasira. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo na inakataza unyanyasaji wa namna hiyo. Mwenye nguvu za kuitumia na aitumie. Mimi kama mhakiki nilichokitazama ni vile vicheko vya manjano vilivyojipanga chini ya picha. Hivyo vilikuwa na majina. Mzee Punch alikuwa na bahati kuliko mrithi wake: waliocheka mbele ya ukuta hawakuacha saini.

Msichana wa tatu katika orodha ile alikuwa wa Pangani. Jumatatu aliingia ukumbi wa mihadhara saa mbili kamili, akatembea mpaka safu ya mbele, kanga begani, upande wa maandishi ukiwa nje. Maneno yake sitayaandika, ni yake. Alikaa akafungua daftari. Kijana wa nyuma yangu, ambaye sikuwahi kumshuku kwa lolote, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hivi anamwambia nani?"

Nilimwambia sijui. Baada ya kipindi, kwenye kundi, niliona vicheko sita vimeondolewa. Namba ile ilibaki, na picha pia, hadi tulipomaliza.