Nadharia ya Jiji na Uhakiki wa Riwaya ya Kiswahili

Wahakiki wetu wengi, wanapoifikia riwaya ambayo mhusika wake anatoka shamba kwenda mjini, huwa wamekwisha kutoa hukumu kabla ya kufungua sura ya kwanza: mji umemharibu. Hukumu hii husemwa kana kwamba ni busara ya wazee. Kumbe ina mwenyewe. Mwaka wa 1938 Louis Wirth, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, alidai kwamba wingi wa watu, msongamano wao na tofauti zao vyatosha kuuzaa mwenendo wa maisha ya mjini: ujamaa hulegea, majirani huwa hawajuani, na mtu humjua mwenziwe kwa sehemu tu ya utu wake, kama mnunuzi amjuavyo mwuzaji.

Sina budi kukiri kwamba mimi mwenyewe niliirudisha nadharia hii nyumbani katika mizigo yangu ya masomo ya ng'ambo, nikaifundisha muhula mzima bila ya kuitilia shaka. Mwanafunzi mmoja kutoka Lamu ndiye aliyeniuliza: je, nyanya yake wa Mkomani awekwe wapi katika nadharia hii? Sikuwa na jibu. Huko nyumba za mawe zimebanana hata vichochoro havipitishi gari, na msongamano huo ndio unaowafanya watu wajue nani kafiwa na nani anaoza. Mombasa nayo, tofauti za asili hazikuwatawanya watu. Katika Thenashara Taifa wamo Wakilifi, Wapate na Wafaza, watu waliobeba majina ya miji mingine na kuyafanya kuwa vyeo vya uenyeji. Isitoshe, Wirth huyo huyo alikuwa ametoa kitabu mwaka wa 1928 juu ya mtaa wa Wayahudi wa Chicago, mahali ambapo ujamaa ulikuwa haujalegea hata kidogo!

Hatumtupi Wirth moja kwa moja. Upweke aliousimulia upo, na msomaji wa Nairobi anaujua. Lakini mji ulioanza kwa kambi ya reli mwaka wa 1899, kisha serikali ya kikoloni ikawatengea watu mitaa kwa rangi zao, haukugawanywa na wingi wa watu. Uligawanywa kwa amri. Nadharia inayohesabu vichwa bila ya kuuliza nani mwenye ardhi na nani mlipa mshahara huwaficha waliogawa.

Na kosa hili ndilo linalotupotosha katika Nyota ya Rehema (1976) ya Mohamed Suleiman Mohamed. Rehema haharibiwi kwanza na mji. Anakataliwa na Fuad, babake mzazi, kwa sababu ya weusi wake, naye anakimbia nyumba hiyo kabla ya kukutana na yale yanayompata mjini. Anaporudi shamba na kuishi na Sulubu, ugomvi wa ardhi unawafuata huko huko. Vivyo hivyo Rosa wa Kezilahabi, katika Rosa Mistika (1971): kipigo cha Zakaria kwa sababu ya barua kinatokea nyumbani Ukerewe. Mtahiniwa aandikaye kwamba Rosa aliponzwa na maisha ya mjini bado hupewa alama zote, nami nimewahi kuzitoa.